Mtu wa Chafya katika Ghala la Kahawa

Ghala la kahawa pale Nshamba lilikuwa na mlango mmoja tu, wa bati, na sisi tuliokwenda kutazama video mle ndani tuliutazama mlango ule karibu sawa na tulivyoitazama televisheni. Mtu wa kwingine huenda asilielewe hili. Umekuja kucheka, umekaa juu ya gunia tupu, mbele yako kuna kichekesho, halafu kila baada ya kitambo shingo inageuka yenyewe kutazama nyuma. Lakini ndivyo tulivyotazama video miaka ile.

Kahawa ilikuwa haiji tena ghalani kama zamani. Vibanja vingi, mashamba yetu ya migomba na kahawa, vilikuwa vimeota majani mpaka kiunoni, na mtu akipita penye kibanja cha namna hiyo hakuuliza kitu. Alijua wenyewe wameisha, au amebaki bibi na wajukuu. Ghala likawa wazi, na mwenye video akaliomba akapewa. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mafundi seremala. Zamani walitengeneza vitanda na makabati ya maharusi. Sasa walitengeneza kitu kimoja tu, cha vipimo mbalimbali, na msumeno wao ulikuwa haunyamazi. Mimi nilikuwa nikitoka kijijini kwetu, nikiusikia ule msumeno najua nimefika Nshamba, nauharakisha mwendo, nacheka peke yangu kabla hata ya kuingia. Ndivyo nilivyoumbwa. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nikitabasamu, na mkunga akadhani nina tatizo.

Mwenye video alikuwa mgambo wa zamani, tukimwita Afande. Jenereta yake ilitoka vitani, ng'ambo ya mto, na hakuna aliyemuuliza ilitokaje. Sikio lake moja lilibaki hukohuko, kwa hiyo alipokuwa akitutafsiria alipaza sauti kama anayeamrisha gwaride. Madirisha alikuwa ameyaziba kwa magunia ili mchana uwe giza, na mwanga ulipenya kwenye matundu ya misumari tu.

Mkanda tulioupenda kuliko yote ulikuwa wa mtu mnene anayeuza kofia. Ana masharubu yaliyopinda juu kama pembe za ng'ombe wa kwetu, na ana tatizo moja: akipiga chafya anageuka kitu. Anapiga chafya mbele ya bwana afya anageuka kuku. Anapiga chafya benki anageuka kiti, na mkurugenzi anamkalia. Anapiga chafya njiani anageuka birika, mwanamke mmoja mjane anamwokota, anamjaza maji, anamweka motoni, na birika linaanza kuona haya. Hapo ndipo penzi lao linapoanza. Kuna na mwenye nyumba mmoja, mtu mbaya, anayemtaka yule mjane, na anatembea na pilipili manga mfukoni ili amharibie mwenzake.

Mpaka leo sijui walisema lugha gani. Haikuwa Kiingereza, maana mwalimu mmoja alikuja kusikiliza akasema siyo. Haikuwa Kihindi, maana hawakuimba. Afande naye nadhani hakuijua, alitunga. Yule mwenye nyumba alimfanya karani wa mizani ya kahawa, yule mjane akamfanya mama wa Kagondo mwenye maringo, na mtu mnene alipogeuka kuku Afande alimsemesha Kihaya, kwa sababu, alisema, kuku wote wanajua Kihaya. Tulikuwa tukicheka mpaka magunia yanatuponyoka.

Ukitaka kujua kwa nini mkanda ule ulitushika hivyo, na tulikuwa nayo mingine ya ngumi na mabastola, mimi naona ni hivi. Mle ndani mwili wa mtu uligeuka, tukacheka, kisha ukarudi. Kuku akarudi mtu, kiti kikarudi mtu, na masharubu yake yakiwa palepale. Kwetu nje watu walikuwa wakigeuka upande mmoja tu. Shati lililomtosha mtu wakati wa mavuno linamning'inia wakati wa palizi. Hatukuutaja ugonjwa wenyewe. Tulisema fulani anaumwa, na sauti ikashuka, basi.

Lakini mwisho wa mkanda hakuna kati yetu watazamaji aliyeujua. Kwetu mtu akifa kijijini jembe halishikwi, redio inazimwa, na watu wanakwenda kukaa na wafiwa. Wazee walikuwa wamezipunguza siku za kukaa, kwa maana kama tungeifuata desturi yote hakuna ambaye angelima. Jambo moja hawakulipunguza: habari ikifika, kelele za furaha zinakoma hapohapo. Kwa hiyo tuko ghalani, tunacheka, na mlango unafunguka. Mwanga wa mchana unaingia wote kwa mara moja, televisheni inafifia, mtu mnene anakuwa kivuli. Aliyefungua anasimama akingoja macho yake yazoee giza. Hasemi. Anatafuta uso. Na sisi tumekaa kimya, kila mmoja ameinamisha kichwa kidogo, akiomba asiwe yeye anayetafutwa. Akimwona, anamwita kwa mkono, taratibu, kama vile anamwita aje kula. Yule anainuka. Afande anazima jenereta, na ule ukimya unaofuata jenereta ikizimwa, sijawahi kusikia ukimya mzito kama ule. Kisha msumeno wa ng'ambo unasikika tena.

Juma lingine tukirudi tunaanza mkanda mwanzo, kwa sababu daima wamo wageni ambao hawajauona. Na habari inafika tena kabla ya mwisho.

Dada yangu mkubwa alirudi kutoka Bilele mvua za vuli zilipoanza. Alikuwa ameolewa hukohuko Bilele, mjini Bukoba, mume akatangulia, naye akashuka kwenye lori na sanduku moja na kitambaa kichwani. Nilimpita. Ndiyo, nilimpita pale barabarani nikiendelea kumtafuta, mpaka aliponiita, "Wewe, unamtafuta nani?"

Sauti ilikuwa yake. Nilimkumbatia nikasikia mbavu zake zote.

Huyu dada ndiye aliyenilea. Wakati wa vita nilikuwa mdogo, na ndege za adui zilipokuwa zikipita kuelekea mjini, yeye alinilaza kwenye mtaro wa kibanja, akanifunika majani ya mgomba na kulala juu yangu. Nikasikia moyo wake unakimbia. Lakini mdomo ulikuwa ukinisimulia kwamba ndege ile imekula maharage mabichi, ndiyo maana tumbo linanguruma, na sasa inakimbilia chooni Bukoba. Nikacheka chini ya majani, na mlio ukapita. Hivyo aliporudi mgonjwa, mimi nilijua kazi yangu ni ipi, hata kama sikuwa nimesoma zaidi ya darasa la saba.

Nilikuwa nikimkanda miguu kwa maji ya moto, na wakati namkanda namsimulia mtu wa chafya. Niliigiza kuku, niliigiza birika linaloona haya. Siku ya kwanza alicheka hivi kidogo kama anayejaribu kitu kilicholala siku nyingi. Siku ya pili alicheka kweli, na Mama akaingia mbio kutoka jikoni, unga mikononi.

"Anapaliwa?"

"Anacheka, Mama."

Mama alisimama mlangoni akitutazama. Hakuamini mpaka dada aliponikonyeza mbele yake. Kisha akarudi jikoni, na nikamsikia anapenga kamasi.

"Sasa mwishowe wanaoana?" dada aliniuliza.

"Hatujui. Hatujawahi kufika."

"Mmeutazama mara zote hizo, hamjui?"

Nikamweleza habari ya mlango. Aliyatazama maji kwenye beseni.

"Nataka kuuona," alisema. "Mwisho wake. Na nataka kuuona nikiwa bado naweza kukaa kitako."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayetaja siku ya mnada. Lakini tangu siku ile nikajua tunashindana na kitu, na kwamba kitu hicho kinatembea haraka kuliko sisi. Kila asubuhi nilimwangalia anavyojiinua kitandani. Wiki moja alijiinua kwa mikono miwili. Wiki nyingine nikamwinua mimi.

Mama alikataa.

"Anakwenda wapi na miguu hiyo?"

"Baba mdogo atampeleka kwa baisikeli yake," nikasema. "Amekubali kuikokota."

"Watu watamtazama yeye, waache video yao."

"Basi wataona sinema mbili kwa safari moja," dada alijibu kutoka ndani. "Waambie washukuru."

Baba mdogo akafunga mto kwenye karia ya baisikeli, tukamkalisha, mimi nikamshika mgongoni. Njiani tulimkuta bibi jirani yetu, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza kufika kwenye kila msiba na ndiye aliyeanzisha nyimbo. Alikuwa amekaa kizingitini akimenya maharage. Alimtazama dada, halafu akamtazama tena.

"Mnampeleka hospitali?"

"Video, Bibi."

"Kuna nini huko video?"

"Kuna mtu, waitu," nilimjibu kwa adabu ya kwetu, "akipiga chafya anageuka kuku."

"Mimi nina mafua tangu juzi," akasema, "mbona sijageuka?"

Dada alicheka mpaka baisikeli ikayumba.

Ghalani walitupisha. Walitupisha kupita kiasi: magunia yaliyokuwa karibu nasi yakawa matupu, mmoja mmoja, bila mtu kuonekana akihama. Dada aliliona hilo. Alinyoosha miguu kwenye nafasi ile kama malkia, akasema, "Kumbe kuna faida." Afande akawasha, akaanza kunguruma, na mimi sikutazama mkanda hata kidogo. Nilimtazama dada akiutazama. Mwanga wa buluu ulikuwa ukicheza kwenye mashavu yake yaliyobonyea, na kila mara yule mtu mnene alipogeuka, uso wa dada nao uligeuka; ulirudi ule wa zamani, ukakaa kidogo, ukaondoka. Mimi mwenye ndoto zangu za kijinga nikaanza kuomba. Sikuomba uzima, hapana, nilishaona wangapi waliombewa uzima. Niliomba chafya. Moja tu, apige chafya, aseme samahani, na tumkute palepale alipokaa yule aliyenifunika majani ya mgomba.

Mkanda ulifika kanisani, siku ya harusi. Mwenye nyumba mbaya alikuwa amejificha nyuma ya nguzo, anatoa pilipili manga mfukoni. Mlango ukafunguka.

Mtu alisimama katika mwanga. Nilimshika dada mkono kana kwamba habari yake yeye ingeweza kuja kutoka nje na kumkuta amekaa nami. Yule mtu akatafuta, akatafuta. Akamwita kwa mkono mwanamume mmoja wa mstari wa mbele, aliyekuwa amecheka kwa sauti kuliko wote. Jenereta ikazimwa.

"Pilipili imefika wapi?" dada aliuliza gizani, kwa sauti ndogo. 

Baada ya siku ile hali yake ikateremka. Kikohozi kilimshika, akawa hataki uji. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya video; moja ikapita kwa sababu ya mvua, moja ikapita kwa sababu ya matanga, na nyingine ikapita. Nilikwenda kwa Afande nyumbani kwake, nikamkuta anasafisha plagi ya jenereta kwa kitambaa.

"Afande, dada yangu hana muda mwingi. Nakuomba tukianza, tuanzie pale kanisani."

"Na wageni? Wataniambia nimewauzia mkia wa samaki."

"Mkia si una nyama."

Alinitazama kwa sikio lake zima, yaani aligeuza kichwa. "Nisikilize. Mimi mwisho naujua. Nikuambie hapa, ukamwambie leo hii. Kwa nini tumsumbue mgonjwa?"

Nilirudi nyumbani mbio na pendekezo hilo. Dada alikuwa amelala akitazama ukuta.

"Afande yuko tayari kutuambia. Nikamsikilize?"

"Hapana."

"Lakini ikiwa..."

"Mdogo wangu, kicheko cha kuambiwa ni kama mchuzi wa kuambiwa. Mimi nataka kucheka na watu. Hapa kitandani nimebaki na nyinyi wawili, na nyinyi mnacheka mkinichungulia."

Nikarudi kwa Afande nikamweleza hivyohivyo. Akaizungusha ile plagi. Akasema kule vitani kulikuwa na kijana mwenzake aliyekuwa akiwachekesha handakini, na hakumaliza hadithi yake moja, na mpaka leo yeye Afande huamka akiitafuta. "Jumamosi," alisema. "Mleteni mapema. Tutaanzia kanisani."

Jumamosi ile dada hakuweza kukaa kwenye karia. Baba mdogo alimbeba mgongoni, kama mtoto, na mimi nikaikokota baisikeli ikiwa na mto mtupu. Mama alikuwa kibanjani, akapanda juu ya tuta kututazama tukishuka bondeni. Hakupunga mkono. Anga lilikuwa zito, la rangi ya bati kuukuu, na hakukuwa na upepo kabisa. Majani ya migomba yalining'inia. Mafundi seremala walikuwa na mbao nyingi mpya zimeegemezwa ukutani. Dada aligeuza uso upande wa pili tulipopita.

Ghala lilijaa. Habari ilikuwa imeenea kwamba leo mwisho unaonyeshwa, watu walikuja mpaka wa vijiji vya mbali, na safari hii hawakuweza kutupisha hata kama walitaka. Mwanamke nisiyemjua alibanwa na dada bega kwa bega. Baada ya muda akamwegemeza.

Afande alianzia kanisani. Mwenye nyumba mbaya akatoa pilipili, akaimwaga kiganjani, akapuliza. Na upepo ukapita dirishani ukaipeleka siko. Haikumfikia mtu mnene. Ilimfikia bibi harusi. Akakunja pua. Akajizuia. Padri akaacha kusoma. Afande naye akanyamaza, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, akatuacha tungoje. Bibi harusi akapiga chafya, na moshi ulipotawanyika, ndani ya gauni lile jeupe alikuwa amesimama mtu mnene wa pili, mwenye masharubu yaleyale, na shela juu yake.

Wale wawili wakatazamana. Yule wa gauni akayashika masharubu yake, akayavuta kuona kama ni ya kweli. Yule mwingine akavua kofia kwa heshima.

Siwezi kukieleza kicheko kile. Hakikuwa cha mtu mmoja mmoja. Kilipanda kama maji, wanawake wakapiga yowe, wanaume wakapiga mapaja, paa la bati likakipokea likakirusha bondeni. Dada alikuwa amejikunja, machozi yanamtoka, anapiga goti la yule mwanamke jirani, hana sauti, amebaki mdomo wazi, na mimi nikaogopa na kufurahi kwa pamoja. Tulicheka kwa muda mrefu. Kila tulipotaka kuacha, yule wa gauni alijaribu kutembea na viatu vya kisigino.

Mlango ukafunguka.

Hakuwa mtu mmoja. Mwanga ulikuwa umejaa vichwa. Bibi jirani yetu alikuwa mbele, nguo amejifunga kiunoni kama wanavyojifunga wanaokwenda kulia, na nyuma yake wanawake wengi, wenye mikungu ya ndizi kichwani, wenye kuni, wenye matita ya majani ya kutandika chini. Jasho likiwatiririka. Walikuwa wamepanda kilima mbio.

Afande akazima jenereta. Ukimya ukashuka, na katika ukimya ule tukawasikia wanavyohema.

"Ni nani?" bibi akauliza.

Hakuna aliyejibu, kwa maana sisi nasi tulikuwa tukingoja atuambie yeye.

"Nauliza ni nani aliyetutoka?"

"Bibi, si nyinyi mmeleta habari?" Afande akasema.

"Sisi tumesikia enduru." Enduru ndilo yowe tunalopiga penye kifo au hatari, na akilisikia mtu anaacha kila kitu. "Imelia kilima kizima. Tulisema leo wamekufa wengi kwa pamoja."

"Haikuwa enduru. Kilikuwa kicheko."

"Kicheko cha nani?"

"Cha watu."

Bibi alitutazama mle gizani, mstari kwa mstari. Alikuwa mzee, alikuwa amesikia vilio vingi sana miaka ile, na masikio yake yalikuwa hayajui tena kwamba kuna sauti nyingine kubwa ambayo watu wengi wanaweza kuitoa pamoja. Niliona anajitahidi kukumbuka. Na katika kumtazama kwangu nikamsikia mtu anakuja nyuma yao, bondeni, akilia kwa sauti, akitaja jina la dada yangu.

Wanawake wakampisha. Mama aliingia miguu mitupu, mikono kichwani, udongo wa kibanja magotini. Alikuwa ameanguka njiani. Alisimama mlangoni kama walivyosimama wote, akingoja macho yazoee giza, lakini yeye hakutafuta uso. Alitafuta mwili uliolazwa.

"Mama," dada akasema. "Niko hapa."

Kicheko kilikuwa hakijamwisha usoni. Mama alimwendea akipita juu ya miguu ya watu, akamshika mashavu, akamgeuza huku na huku.

"Nimekulilia njia nzima," alisema.

"Basi umeshalia. Kaa utazame, imebaki kidogo."

Mama akakaa pale chini, si kwa kukubali, ila asimwachie tena. Afande alikuwa na mkono juu ya jenereta, hajui la kufanya. Watu wa msiba wameingia, desturi inasema kelele zikome. Akamtazama bibi.

"Maiti iko wapi?" bibi akauliza.

"Haipo."

"Hakuna maiti, hakuna msiba." Akamtaka mwenzake autue mkungu chini. "Na mimi nimepanda kilima. Washa nione huyo kuku."

Afande akavuta kamba. Jenereta ikakohoa ikanyamaza. Akavuta tena. Dada alikuwa ameniegemea, nikasikia uzito wake unazidi, kichwa kinatafuta bega langu, na nikasema moyoni, si sasa, jamani, ngoja kidogo. Akavuta tena, na jenereta ikanguruma.

Mwisho wenyewe ni huu. Padri anawauliza kama wanakubaliana, wote wawili wanaitikia kwa sauti nene, na wanapeana mikono. Ile pilipili iliyobaki hewani inawafikia kwa pamoja. Wanapiga chafya wakiwa wameshikana mikono. Moshi unatawanyika na hakuna mtu. Chini sakafuni kuna viatu, jozi moja, cha kulia na cha kushoto. Vinatoka kanisani vyenyewe, vinashuka ngazi, vinashika barabara, hatua hii na hii, mpaka vinakuwa vidogo.

"Havirudi kuwa watu?" bibi akauliza.

"Havirudi," Afande akasema. Hakutunga neno lingine.

Hakuna aliyecheka hapo, ila dada. Alicheka taratibu, kwa pua. "Viatu," alisema. "Na mimi nilisema watakuwa birika na kikombe."

Watu wakaanza kutoka, na hapo ndipo ilipozuka shida ya vile vyakula. Mwanamke mmoja aliinua mkungu wake arudi nao nyumbani, bibi akamzuia. Kwetu kitu kilichotoka nyumbani kwa ajili ya msiba hakirudi. Kikirudi, kinakuja na msiba kwa mwenye nyumba.

"Kwa hiyo tuvipeleke wapi?" yule mwanamke akauliza.

 Mikungu, kuni na matita ya majani vilikuwa vimelundikana pale mlangoni, na hakuna aliyemtazama dada yangu. Walitazama miguu yao, walitazama barabara, mmoja alitazama juu kwenye mawingu. Ndipo nilipoelewa kwamba wote walifikiria jambo moja, na Mama pia aliwaelewa, maana alinishika mkono akaniumiza.

"Pelekeni kwetu," dada akasema kutoka mgongoni kwa baba mdogo. "Ndiko mlikokuwa mnakwenda."

Walitufuata. Tulitembea kimya bondeni, baba mdogo na mzigo wake mbele, wanawake nyuma na mikungu vichwani, na waliotukuta njiani walisimama kando wakavua kofia. Dada aliwaitikia kwa kichwa. Mvua ilianza kudondoka tone moja moja.

Hakukaa sana baada ya hapo. Senene walipoanguka mwaka ule hakuwaonja. Lakini jioni hiyo walitandika majani uani kwetu chini ya paa la jiko, wakamenya ndizi, wakazipika na maharage katika sufuria kubwa la kuazima, na bibi akazigawa kama anavyogawa siku zote, waliotoka mbali kwanza. Dada tulimkalisha kati yao. Aliomba sahani. Wanawake wakatazamana, kwa kuwa kila mmoja wao alijua chakula kile ni cha nani, na kwamba mwenyewe huwa hakili.

Alikula. Alikula polepole, ndizi moja, kisha nyingine, baada ya majuma ya kukataa uji. Mchuzi aliunywa akipuliza. Mama alikuwa amekaa mkabala naye na sahani mapajani, haigusi, mvuke ukiisha.

"Kula, Mama," dada akamwambia. "Zimeiva vizuri."